Barua ya wazi kwa wanaotupangia simu kabla hatujazishika

Kwenu wakuu wa kampuni zinazotengeneza programu, pamoja na wahandisi na wabunifu wenu,

Yah: Machaguo-msingi na watu wasiofungua mipangilio

Salamu kwenu nyote.

Nawaandikia kwa sababu ya maneno mawili tu: "Inasubiri Wi-Fi."

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikazima, na haikuwaka tena. Aliniletea ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa, akaniambia, "Mwanangu, simu si kitu. Nitolee tu zile picha za marehemu." Nikamwondoa wasiwasi. Zamani kidogo nilikuwa nimeikagua simu hiyo mwenyewe, nikaona swichi ya kuhifadhi nakala za picha imewashwa. Nikamwambia picha ziko salama mtandaoni, tutaziona sasa hivi.

Nikawasha kompyuta, nikaingia kwenye akaunti yake. Picha zilikuwapo. Ila ya mwisho ilikuwa ya miezi 14 nyuma: yeye mwenyewe ameketi sebuleni kwangu, siku aliyokuja kunitembelea nikamuunganisha na Wi-Fi yangu. Baada ya picha hiyo hakuna kitu. Mumewe aliugua baada ya siku ile, na akafariki. Miezi yake yote ya mwisho ilikuwa ndani ya simu iliyolala mezani mbele yetu, imejaa maji. Shangazi alisogeza kiti akaangalia skrini, akaniuliza kama kuna ukurasa mwingine.

Sikuelewa kilichotokea mpaka nilipomwandalia simu mpya. Nilisakinisha programu ileile, nikaacha kila kitu kama nilivyokikuta, nikapiga picha moja ya ukuta, nikangoja. Ndani ya menyu, chini ya jina lake, kwa herufi ndogo za kijivu, pakaandikwa: Inasubiri Wi-Fi. Shangazi hana Wi-Fi. Hajawahi kuwa nayo. Anatumia data ya simu, kama wanavyotumia watu wengi sana duniani. Basi programu ikasubiri. Ilisubiri miezi 14 kitu ambacho hakikuwa njiani, na kwa muda wote huo haikumwambia neno.

Kwenye simu hiyohiyo, programu ya ujumbe haikusubiri Wi-Fi. Hiyo ilikuja ikiwa tayari imejiruhusu kupakua, kwa data ya simu, kila picha iliyotumwa katika kila kundi alilounganishwa. Programu nyingine ilikuwa ikicheza video zenyewe bila kubonyezwa. Kwa hiyo bando lake lilitumika kuleta picha za watu asiowafahamu, wakati picha za mumewe zinawekwa foleni. Hakuyachagua hayo hata moja. Yalichaguliwa na watu wawili watatu katika ofisi zenu, ambao hawakuwahi kukaa pamoja kuulizana kwamba yote haya yanaangukia simu ya mtu mmoja.

Sisemi kuna aliyemkusudia ubaya. Naweza kabisa kumwona aliyeamua. Alifikiri: data ya simu ina gharama, tusimmalizie mtu bando lake bila kumuuliza. Ni wazo la mtu mwenye huruma. Lakini aliyewaza hivyo jioni hurudi kwenye nyumba yenye Wi-Fi, simu yake ikaunganishwa yenyewe mlangoni, na picha zake zote zikapanda usiku amelala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwake yeye, kusubiri Wi-Fi ni kusubiri saa chache. Hakuona kwamba kuna watu ambao kwao kusubiri Wi-Fi maana yake ni kamwe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Chaguo-msingi, yaani mpangilio ambao mtu anaukuta umeshawekwa kabla hajagusa kitu, ninyi mnalichukulia kama mahali pa kuanzia. Mnaamini kila mtu ataanzia hapo kisha ajipangie anavyotaka. Watu hawafanyi hivyo. Jared Spool, mtafiti wa siku nyingi wa masuala ya usanifu wa programu, aliwahi kusimulia jinsi yeye na wenzake walivyowaomba watumiaji wa Microsoft Word wawatumie faili linalotunza mipangilio yao. Waliobadilisha chochote walikuwa chini ya asilimia 5. Katika toleo la Word walilokuwa nalo, kazi ya programu kujihifadhia maandishi yenyewe ilikuwa imezimwa, na watumiaji walipoulizwa mbona hawaiwashi, wakajibu kwamba bila shaka Microsoft wameizima kwa sababu fulani.

Sababu haikuwapo. Spool anasema alipofuatilia alikuta mtayarishaji programu mmoja alikuwa amelijaza faili lile sifuri tupu, na sifuri maana yake ni kuzimwa, akitarajia kwamba baadaye kuna mtu atamwambia machaguo-msingi ya kweli yawe yapi. Hakuna aliyemwambia. Faili likatoka na sifuri zake, likafika kwenye kompyuta za watu, na watu wakaziheshimu sifuri zile wakidhani ni ushauri wa wataalamu.

Kisa hicho sikisimulii kumcheka mtu. Nakisimulia kwa sababu ya ile imani. Mtu wa kawaida akikuta kitu kimezimwa, anadhani aliyekizima anajua zaidi yake. Akikikuta kimewashwa, anadhani ndivyo inavyotakiwa. Shangazi yangu aliiona ile swichi imewashwa akaamini. Na mimi ninayejiona najua kompyuta niliiona nikaamini vilevile, kisha nikamwambia alale usingizi. Hilo bado linaniuma. Imani hiyo hamkuinunua wala kuiomba, watu wanawapa tu, na kila chaguo-msingi mnaloweka linaitumia.

Najua jibu ambalo nitapewa, kwa sababu nimepewa mara nyingi na watu wa huduma kwa wateja: "Mtumiaji anaweza kubadilisha hilo kwenye mipangilio." Naomba mliache jibu hili, maana ninyi wenyewe hamliamini. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 za Marekani, sehemu kubwa ya malipo hayo ikiwa ni kwa ajili ya jambo moja: injini yake ya utafutaji iwe chaguo-msingi katika kivinjari cha Safari. Kiasi hicho kilijulikana katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Google, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria ya ushindani. Kubadilisha injini ya utafutaji kwenye simu ni kazi ya kubonyeza mara chache tu. Kama kweli watu hubadilisha wanachokikuta, nani angelipa mabilioni ili awe wa kwanza kukutwa? Linapohusu mapato yenu, mnajua vizuri kwamba kilichowekwa ndicho kitakachobaki. Naomba mlijue hivyohivyo linapohusu picha za marehemu.

Na historia inaonyesha kwamba mkibadilisha chaguo-msingi moja, mamilioni ya watu hulindwa usiku mmoja bila wao kujifunza chochote. Windows XP ilitoka Oktoba 2001 ikiwa na ngome ya mtandao ndani yake, yaani kinga inayozuia kompyuta za nje kuingia bila kuitwa. Kinga ilikuwamo, lakini imezimwa. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kikasambaa kwenye kompyuta zilizounganishwa na intaneti. Hakikuhitaji mtu afungue barua wala abonyeze kitu, ilitosha mashine iwe imewashwa na haijazibwa ufa wake. Wale waliojua kuiwasha ngome ile walipona. Waliobaki walikaa wakitazama kompyuta ikijizima na kujiwasha mbele ya macho yao, wakati dawa ilikuwa ndani ya mashine hiyohiyo. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, yakatoka masasisho makubwa ya Service Pack 2 na ngome ikawashwa kwa kila aliyeyaweka. Watumiaji walikuwa walewale, na ujuzi wao uleule. Kilichobadilika ni uamuzi wa upande wenu.

Kuna uamuzi mwingine ambao mpaka leo haujabadilika. Tangu siku za Windows 95, mfumo huo huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha faili ni la aina gani. Nadhani nia ilikuwa majina yasiwatishe watu. Mei 2000 ikasambaa duniani barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, na kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa wengi, zile herufi za mwisho zilifichwa kama kawaida, kikabaki kinachosomeka kama faili la maandishi tu. Wakakifungua. Ilikuwa programu, na ikaanza kuharibu mafaili yao na kujituma kwa kila mtu aliye kwenye orodha yao ya anwani. Baada ya hapo wakalaumiwa wao, kwamba hawakuwa makini. Umakini gani, ikiwa kitu ambacho mtu makini angekitazama kilikuwa kimefichwa na mtengenezaji? Windows 11 bado inaficha herufi zile kwa chaguo-msingi. Ningependa sana kumsikia mhusika akieleza ni kwa nini.

Mtasema kuna watu wa upande wa pili. Wapo, na sauti yao ni kubwa. Februari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba makro, yaani programu ndogo zinazojiendesha ndani ya hati, zilizomo kwenye mafaili ya Office yaliyotoka kwenye intaneti zitazuiwa kwa chaguo-msingi. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, kati ya mtu na faili lenye sumu palikuwa na mstari wa njano tu wenye kitufe cha kuruhusu. Julai mwaka huohuo kampuni ikasimamisha mpango huo kwa muda, ikisema imepokea maoni ya watumiaji, kisha wiki chache baadaye ikaurudisha. Naelewa ugumu wake. Kuna ofisi ambazo kazi zao zote zilitegemea makro hizo, na mtu akiamka akute kazi imekwama ana haki ya kulalamika.

Lakini pimeni uzito wa pande mbili. Mtaalamu akikuta chaguo-msingi halimfai, anajua menyu ilipo, anakwenda, anabadilisha. Amepoteza nusu dakika na hasira kidogo. Asiye mtaalamu hajui hata kama kuna kitu cha kubadilisha. Anaendelea na maisha yake mpaka siku ya hasara, na siku hiyo ndiyo anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mpangilio huo upo. Kwa hiyo mkisita kati ya wawili hao, mpangieni yule ambaye hatafika kwenye mipangilio. Mwingine atajisaidia.

Siombi mipangilio ipunguzwe. Kuna kampuni zikisikia malalamiko kama yangu hukimbilia kuondoa vitu, kisha zinaita hiyo ni kurahisisha. Swichi ya kuhifadhi picha kwa data ya simu ilikuwapo, na nashukuru ilikuwapo, kwa maana ndiyo niliyoiwasha kwenye simu mpya. Shida ni kwamba ilikaa mbali na inapohitajika, na kwa jina ambalo mwenye shida hawezi kulikisia.

Kuhusu majina nitasema kidogo, maana hapa ndipo ninapokaa na watu kila mara. Siku moja nilimwachia shangazi simu yake mpya mkononi nikamwambia atafute mwenyewe namna ya kukuza maandishi, mimi nisimsaidie. Alifungua mipangilio. Akasoma orodha taratibu kutoka juu mpaka chini, kidole kikifuata mstari kwa mstari kama anayesahihisha mitihani. Alipita "Ufikivu" bila kusimama. Akarudi juu, akapita tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Hii ufikivu ni kufika wapi?" Hakujua kwamba macho yanayochoka yako chini ya neno hilo. Akaona sehemu ya kutafuta, akaandika "sioni vizuri". Simu ikajibu kwamba hakuna matokeo. Huyu ni mwanamke aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka yote ya kazi yake. Hakushindwa na kusoma. Maneno yalipangwa kwa kufuata jinsi idara zenu zilivyogawana kazi, na yeye hajui idara zenu.

Jambo hilihili liko kwenye madirisha ya faragha. Kitufe cha "Kubali yote" ni kikubwa na kina rangi. Cha kukataa kimejificha nyuma ya "Dhibiti chaguo zako", na ukikibonyeza unakuta orodha ndefu ya vijisanduku. Huko Ulaya walichoka nayo. Sheria yao ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inadai katika kifungu cha 25 kwamba kwa chaguo-msingi zichukuliwe tu taarifa zinazohitajika kwa kazi husika. Oktoba 2019 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ikasema kijisanduku kilichowekewa alama tayari hakihesabiki kuwa ni ridhaa. Na Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa inayosimamia faragha, CNIL, ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukataa vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kifaa chako ili kukutambua, hakukuwa rahisi kama kuvikubali. Inasikitisha kwamba ilibidi wafike huko. Mtu anayeheshimu jibu la mwenzake hahitaji faini ili aweke vitufe viwili vilivyo sawa.

Kabla sijafika kwenye ombi langu, kuna moja dogo linalonikera: masasisho yanayorudisha mipangilio ilivyokuwa. Nimewahi kuzima kitu kwenye kompyuta ya mzee mmoja, programu ikasasishwa usiku, asubuhi kikawa kimewashwa tena. Alidhani sikukizima. Mtu akishachagua, hata kama ni mara moja kwa mwaka, uamuzi huo ni wake. Msiuguse.

Ombi langu ni hili. Kila chaguo-msingi liwe na mtu aliyeliamua, na sababu yake iandikwe kwa sentensi ambayo shangazi yangu angeielewa, kisha iwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Mkishindwa kuiandika sentensi hiyo, mjue mna sifuri kwenye faili. Kisha mchukue simu mpya, mwipe mtu asiye wa fani yenu, aitumie mwezi mzima kwa data ya simu tu bila kugusa mipangilio, nanyi mkaangalie mwisho wa mwezi nini kimehifadhiwa, nini kimepotea, na nini kimekula bando lake. Fanyeni hivyo kabla ya kuitoa programu, na msimwelekeze.

Na pale programu inaposubiri kitu ili itimize ilichoahidi, iseme. Isiseme ndani ya menyu kwa kijivu. Ikipita wiki moja bila picha kupanda, iandike juu ya skrini kwa lugha ya kawaida: "Picha zako 212 haziko salama bado. Ukipoteza simu, zitapotea. Tuzihifadhi kwa kutumia data ya simu?" Chini yake viwepo vitufe viwili vyenye ukubwa sawa. Mnajua kutuma arifa. Mnatutumia kila siku kutukumbusha kwamba mtu fulani ameweka picha mpya.

Naomba pia jibu la swali moja, na nitalipeleka kwa shangazi kama lilivyo: ni nani aliyeamua kwamba nakala zisubiri Wi-Fi hata kama haiji kwa miezi 14, na siku alipoamua, alikuwa akimfikiria nani?

Wenu,

Mtumiaji wa programu zenu, na msaidizi wa wengine wanaozitumia